Taa, Saa, Kaa, Paa

Ukisema unasoma ualimu, watu wanakuonea huruma. Ukisema unasoma ualimu na baadaye unataka kuwa mtaalamu wa usikivu, wanakutazama kidogo, halafu wanauliza kama hiyo nayo ni kozi. Ni kozi. Inaitwa odiolojia. Anayeisomea kazi yake ni kupima mtu anasikia kiasi gani, kujua tatizo limekaa sehemu gani ya njia ya sauti kutoka sikioni mpaka kwenye ubongo, na kumsaidia huyo mtu aendelee na maisha yake: kumchagulia shimesikio, ile mashine ndogo inayokaa nyuma ya sikio, kuirekebisha imfae yeye na si jirani yake, kumfuatilia, kukaa na wazazi wake na kuwaeleza. Wengi wanamchanganya na daktari wa masikio, pua na koo. Daktari anatibu usaha na anapasua. Huyu mwingine anashughulika na kusikia kwenyewe.

Mimi niko mwaka wa tatu, nina miaka 22, nimebakiza semista moja, na kombi yangu ya kidato cha sita ilikuwa HKL. Anayejua maana ya HKL ameshaona tatizo liko wapi. Asiyejua avumilie, nitafika.

Mwaka jana kwenye TP nilipangiwa shule moja ya kata mkoani Singida. Nilipewa Kiswahili kidato cha pili, mikondo miwili, wanafunzi sabini na kitu kila darasa. Kulikuwa na binti mmoja aliyekaa dawati la mbele kabisa, na kila nilipotembea kuelekea nyuma alikuwa anageuka mzima mzima kunifuata kwa macho. Ofisini niliambiwa nisihangaike naye, ni mzito. Mwalimu mmoja alisema huyo ni mtoro wa aina yake, mwili uko darasani lakini mwenyewe hayupo.

Ila insha zake zilikuwa nzuri. Si nzuri za kumhurumia, nzuri kweli. Kilichokuwa kinammaliza ni imla. Nikisoma "fika" anaandika "shika". Nikisoma "taa" anaandika "kaa". Nikisema "sita" nikiwa nimegeukia ubaoni, anaandika "tisa". Nilichukua madaftari yake nikayapitia jioni nzima, na nikaona makosa yale yana mpangilio. Irabu hakukosea hata moja. Alikosea konsonanti, tena zile zinazotoka kwa pumzi tu: s, f, sh, t, k.

Sisi wa elimu maalumu tulishafundishwa kidogo juu ya hili mwaka wa pili. Irabu zina nguvu na ziko kwenye sauti nzito. Sauti kama s iko juu sana, zaidi ya hezi 4,000, na ni hafifu. Mtu anaweza kupoteza usikivu wa sauti za juu akabaki na za chini. Huyo anasikia kwamba unaongea. Ukimwita jina anaitika. Radio anaisikia. Anachokosa ni kujua umesema nini hasa, na nusu ya anachokosa anakijaza kwa kuangalia midomo yako. Ndiyo maana alikuwa ananifuata kwa macho.

Siku ya Ijumaa nilibaki naye baada ya vipindi. Nikamsomea maneno ishirini tukiwa tumetazamana: akapata kumi na nane. Nikasimama nyuma yake nikasoma mengine ishirini kwa sauti ileile: akapata sita. Hicho si kipimo, ni mchezo wa mwanafunzi wa ualimu, lakini nilijua hapo kwamba huyu mtoto si mzito.

Baba yake alikuja Jumatatu na baiskeli. Ni mkulima wa vitunguu. Nikamwamkia, akaitikia "marahaba mwalimu" kwa heshima iliyonitia aibu, maana ananizidi miaka thelathini. Nilipomweleza alikaa kimya, kisha akasema, "Mwalimu, sisi nyumbani huyu tunamwita mkaidi." Akaeleza kwamba alipokuwa na miaka minne aliugua sana, akalazwa, akachomwa sindano wiki nzima na zaidi. Sindano gani, hakumbuki. Zipo dawa, gentamaisini ni mojawapo, ambazo zinaokoa maisha ya mtoto na wakati huohuo zinaweza kuua seli za sikio la ndani, na mara nyingi zinaanza na zile za sauti za juu. Seli hizo kwa binadamu hazioti tena. Tunazaliwa nazo 15,000 hivi kila sikio, basi.

Hospitali waliyokwenda kwanza haikuwa na mashine ya kupima usikivu. Walimulika sikio kwa tochi ndogo, wakaliona safi, wakasema mtoto mzima. Tochi inaishia kwenye ngoma ya sikio. Tatizo kama hili liko ndani zaidi, kwenye koklea, kile kitu kilichojiviringisha kama konokono, na huko hakuna tochi inayofika.

Miezi minne baadaye, niko chuoni, simu ikaita. "Mwalimu, tumepata rufaa, tunakuja Dar. Hatuna mwenyeji." Niliwapokea Mbezi, stendi ya Magufuli, saa tano usiku, mzee na binti yake na nusu gunia la vitunguu ambalo nilikatazwa kulikataa. Kesho yake nikawasindikiza. Mpaka siku hiyo odiolojia kwangu ilikuwa ni mada ya kurasa kumi na mbili kwenye notisi.

Chumba ni kidogo, kuta zimezibwa sauti isipite, mlango mzito kama wa friji. Binti akavalishwa spika za masikioni akapewa kitufe: ukisikia hata kwa mbali, bonyeza. Mtaalamu yuko nje ya kioo anashusha sauti mpaka binti hasikii, anapandisha kidogo, anashusha tena. Anaanzia na mlio wa wastani wa hezi 1,000, anapanda mpaka 8,000, anarudi chini mpaka 250, sikio moja kwa moja. Majibu yanachorwa kwenye grafu inayoitwa odiogramu, duara jekundu kwa sikio la kulia, alama ya x ya bluu kwa la kushoto. Kwa anayesikia vizuri, alama zote zinakaa juu, ndani ya desibeli 20. Za binti huyu zilianza vizuri kabisa upande wa sauti nzito, halafu baada ya 1,000 zikaporomoka kama paa la nyumba.

Baba yake aliitazama ile karatasi muda mrefu. Akauliza, "Kwa hiyo hajawahi kuwa mkaidi?" Mtaalamu hakukimbilia kujibu. Alivuta kiti akakaa karibu naye, akasema, "Mzee, amekuwa akifanya kazi kubwa kuliko wenzake wote darasani." Kisha akaanza kumweleza, taratibu, mstari kwa mstari. Nimefundishwa saikolojia ya elimu kwa semista mbili na sijaona somo lililofundishwa vizuri kama lile.

Lakini kilichonishika mimi ni kipimo kilichofuata. Baada ya milio yanakuja maneno. Mtaalamu anasoma neno huku amefunika mdomo kwa karatasi, mgonjwa analirudia. Alikuwa na karatasi ya Kiingereza iliyochapwa, ya vitabuni, na akaiweka pembeni. Akatoa nyingine iliyoandikwa kwa mkono. Taa. Saa. Kaa. Paa.

Tulipotoka nikamuuliza, "Kaka, hiyo orodha umeipata wapi?"

Akacheka. "Nimejitungia. Mtoto wa Singida nimpime kwa neno 'hotdog'?"

Sasa hapa naomba wenzangu wa Kiswahili mnisikilize. Kwa Kiingereza, moja ya orodha zinazotumika sana ni ya maneno ya silabi mbili zenye mkazo sawa, kama "baseball" na "hotdog". Nyingine ni ya maneno ya silabi moja. Kiswahili hakina vitu hivyo. Mkazo wetu karibu kila mara unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiuhamisha unaweza kupata neno jingine. Kila aliyesoma fonolojia ameshapigwa mfano wa barabara na barabara. Maneno yetu ya silabi moja yanahesabika. Karibu yote yanaishia kwa irabu, ambayo ni ile sauti nzito ambayo mtu kama binti yule anaisikia vizuri sana. Kwa hiyo ukichukua maneno ovyo ovyo, anaweza kufaulu kipimo kwa kubahatisha kutokana na irabu, ukamwambia mzima. Hata tarakimu zina mitego: sita na tisa zina irabu zilezile na konsonanti zilezile, zimebadilishana nafasi tu. Orodha nzuri ya Kiswahili haipatikani kwa kutafsiri. Inatakiwa mtu anayejua mara ngapi kila sauti inatokea katika usemi wa kawaida, maneno gani mtoto wa miaka sita anayajua Kigoma na maneno gani anayajua Pemba, jozi zipi zinatofautiana kwa sauti moja tu. Hiyo ni kazi ya mtu wa HKL! Ni kazi tuliyofundishwa sisi.

Na historia iko upande wangu. Taaluma hii ilipata sura yake Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pale maelfu ya askari waliporudi masikio yameharibiwa na mizinga. Anayeitwa baba wa odiolojia, Raymond Carhart, aliyeongoza huduma hiyo kwenye hospitali ya jeshi ya Deshon, Pennsylvania, hakuwa daktari wa masikio. Alikuwa mtu wa masuala ya usemi na fonetiki. Yaani ukimleta leo na cheti chake, sina hakika angepita.

Maana mlango wa leo uko hivi. Hapa nyumbani, MUHAS wana shahada ya odiolojia pamoja na tiba ya usemi, jambo ambalo kaka zetu waliomaliza miaka kumi iliyopita hawakulipata. Lakini ni kozi ya afya, na kozi ya afya maana yake PCB. India, ambako Watanzania wengi wanakwenda kusoma, ni miaka minne, wa mwisho ukiwa wa mazoezi kazini, na nao wanataka sayansi ya sekondari. Afrika Kusini ni miaka minne, halafu mwaka mmoja wa kuitumikia jamii kabla hujafanya kazi kwa kujitegemea, na lazima usajiliwe na baraza lao la taaluma za afya. Marekani kuna kichekesho: vyuo vingi vinapokea shahada yoyote ya kwanza, hata yangu, ukiongeza masomo machache ya sayansi na takwimu. Kisha ni shahada ya udaktari ya miaka minne, mtihani wa taifa, na leseni ya jimbo. Nilipiga hesabu ya ada nikafunga simu nikaenda kula.

Fizikia niliiacha kidato cha tatu. Sikuichukia. Mwalimu wake alihamishwa, hakuletwa mwingine, somo likafa kimyakimya na darasa zima tukawa watu wa sanaa bila kuulizwa. Wengi wenu mna hadithi hiyohiyo. Tunasema "mimi ni mtu wa arts" kama vile tumezaliwa hivyo, kumbe ni gari la uhamisho tu lilipita.

Simlaumu aliyeweka PCB, na hapa natofautiana na wenzangu wanaotaka kila mlango ufunguliwe kwa kila mtu. Odiolojia ina fizikia ya kweli. Desibeli yenyewe ni logarithimu: ukiongeza 10, nguvu ya sauti imezidishwa mara kumi; ukitoka 0 ukafika 60, ambayo ni sauti ya mazungumzo ya kawaida, umezidisha mara milioni. Mwenzangu wa chumba anasoma uhandisi, na mwezi mzima sasa ananifundisha mawimbi usiku kwa malipo ya kupikiwa wali. Nimelia mara moja tu. Mtu anayeweka mashine kwenye sikio la mtoto lazima ajue inatoa sauti kiasi gani, la sivyo atamaliza hata ule usikivu uliobaki. Ninachokisema ni kwamba fizikia hiyo inafundishika kwa mwaka mmoja kwa mtu aliyekwishakuonyesha anaweza kusoma. Mwaka mmoja wa daraja, mtihani mgumu, anayefeli arudi. Serikali yetu ya wanafunzi ina wizara nzima ya elimu. Kila mwaka inapigania bumu lije mapema, na mimi nalihitaji kama wote, lakini na hili lingefaa liandikiwe barua.

Maana uhaba si wa kubuni. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 inasema watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma ya usikivu, na kwamba katika nchi za kipato cha chini, asilimia 93 hazina hata mtaalamu mmoja wa usikivu kwa kila watu milioni moja. Ripoti hiyohiyo inasema kwa watoto karibu asilimia 60 ya matatizo haya yangeweza kuzuiwa. Naijua sura ya asilimia hiyo. Ina daftari la imla.

Kuna mtu mmoja haniungi mkono, nami nalichukulia neno lake kwa uzito. Tunasoma naye darasa moja, ni kiziwi tangu kuzaliwa, na anasoma kwa mkalimani. Nilipomweleza mpango wangu alinitazama, akaniuliza kwa alama, "Mwalimu, mbona kila anayetupenda anataka kutupima?" Akanieleza kwamba yeye alivalishwa mashine utotoni, akafokewa asitumie mikono, akapoteza miaka akijifunza kutamka neno "mpira" wakati wenzake wanajifunza kusoma. Lugha aliipata alipofika shule ya viziwi, kwa watoto wenzake, uwanjani. Tanzania ina shule hizo tangu ile ya Tabora, 1963, na yeye anaona fedha zinazokwenda kwenye upandikizaji wa vifaa vya usikivu, unaofanyika Muhimbili tangu 2017, zingeanza kwa walimu wanaojua Lugha ya Alama.

Tulibishana kantini mpaka chai ikapoa. Nilimwambia binti wa Singida si yeye; yule ana Kiswahili chake tayari, anakosa konsonanti tu. Akakubali. Akasema, basi tatizo ni yule mtaalamu asiyejua tofauti ya watoto hao wawili, anayeona masikio na haoni lugha. Hapo sikuwa na jibu, na mpaka leo naona hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote za mwalimu kuingia kwenye kazi hii. Tangu siku hiyo ananifundisha alama kila Jumatano. Anasema mikono yangu ina lafudhi.

Binti alipata mashimesikio mawili baada ya baba yake kuuza mavuno na ndugu kuchangishana. Betri moja inadumu wiki moja mpaka mbili hivi, na Singida mjini si kila duka linazo, kwa hiyo natuma kwa basi. Wiki ya kwanza aliniandikia ujumbe kwa simu ya baba yake akilalamika: mvua imenyesha juu ya bati la darasa, alidhani jengo linaanguka. Hajawahi kujua mvua ina kelele kiasi kile. Imla ya mwisho amepata 31 kwa 40. Bado anakaa mbele.

Na mimi? Mama anasema nitazeekea darasani. Amepiga hesabu kwenye vidole: kurudia fizikia na kemia za kidato cha nne, kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, shahada nyingine, mwaka wa mazoezi. Nitakuwa na miaka kama thelathini. Nimemwambia hiyo thelathini nitaifikisha vyovyote vile. Hakucheka. Ada ya mtihani nimeanza kuitunza kutoka kwenye bumu, na nikipata ajira ya ualimu nitafundisha mchana na kusoma usiku. Huo ndio mpango wote, hauna siri nyingine.

Kwa sasa naendelea na orodha. Nina maneno 140 ya silabi mbili, nimeyapanga kwa jozi, na yule kaka wa hospitali ameahidi kuyapitia. Ninachokosa ni sauti za kuyasoma. Sitaki watu wa Dar peke yao. Natafuta wasemaji kutoka Unguja, Tanga, Mwanza, Kigoma, na yeyote aliyekulia Lamu au Mombasa anayesoma hapa, wanawake kwa wanaume. Narekodi jioni baada ya saa mbili kwenye chumba cha kufulia cha bweni letu, kwa sababu ndicho chenye utulivu, umeme ukiwepo. Njoo na maji yako ya kunywa, maana maneno ni 140 na ukikosea moja tunarudia.